Alama Nilizozichora Kwenye Baridi

Wanjiru ameniuliza swali dogo kwenye simu, na mimi nina siku nzima ya kulijibu. Huo ndio utajiri wa mstaafu.

"Shikamoo Maalim," ameandika. "Niko na kastoma hapa, anataka darubini ya bunduki ya upepo, ya yale mashindano ya sanamu za bati. Bajeti yake ni ya katikati. Kwa shelfu ziko kumi na moja. Nimwambie achukue gani? Jibu haraka, ananiangalia."

Mpaka nilipoipata miwani yangu, yule mteja alikwisha kuondoka. Basi nakujibu sasa, Wanjiru, wewe na wenzako mliorithi meza yangu dukani, na kijana yeyote wa kwetu atakayejikuta Dubai anauza kioo asichokijua. Nilikaa nyuma ya meza ile miaka thelathini na moja. Alhamdulillahi, macho bado yananisomea Kurani na miguu bado inanifikisha msikitini. Waliopungua ni watu wa kuzungumza nao. Kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mpigaji huketi chini juu ya mto, magoti juu, bunduki imelala juu ya goti. Mbele yake pana sanamu ya bati, kunguru au panya au sungura, yenye tundu dogo kifuani. Ukipitisha risasi tunduni, sanamu inaanguka. Ukipiga bati pembeni mwa tundu, inabaki imesimama inakutazama. Hakuna anayekwambia iko mbali kiasi gani. Yaweza kuwa hatua kumi, yaweza kuwa hamsini, na ni marufuku kupima kwa chombo kingine chochote. Risasi ya upepo ni nyepesi, huinama njiani kama jiwe la kombeo. Ukikosea umbali kwa mita tano, umeikosa sanamu.

Sasa darubini za mchezo huu zina gurudumu ubavuni. Ukilizungusha, picha inatoka kwenye ukungu inakuwa safi, na pale iliposafika unasoma namba iliyoandikwa kwenye gurudumu: thelathini, thelathini na tano, arobaini. Huo ndio umbali. Wateja wengi hudhani wananunua jicho. Wananunua rula. Ukilishika hilo, Wanjiru, umeshaondoa saba katika zile kumi na moja.

Aliyenifundisha kazi ni Ustad Yaqub, Mpakistani wa Peshawar, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa na chumba nyuma ya duka letu la kwanza, Deira, akitengeneza darubini, kamera na vipimo vya wapima ardhi. Tulizungumza Kiarabu kibovu, chake kibovu zaidi kuliko changu, na yeye akiamini kinyume chake. Siku ya kwanza alinipa darubini, akanielekeza dirishani.

"Unaona nini?"

"Naona vizuri, Ustad."

"Toka nje."

Nikatoka. Siku ya pili vilevile: naona vizuri, toka nje. Siku ya tatu nilikuwa nimechoka kusimama uchochoroni, nikamwambia naona kibao cha kinyozi, herufi ya tatu imebanduka, na ukingo wake una uzi wa zambarau ambao nikitazama kwa jicho tupu haupo.

"Sasa umeona," akasema. "Kaa. Kunywa chai."

Ule uzi wa zambarau ni ugonjwa wa kioo rahisi. Mtafuteni kila mara mnapopokea mzigo mpya.

Ustad alikuwa na boksi la tende alilolikata pembe mbili kama herufi V, na boksi hilo ndilo lililokuwa maabara yake. Unailaza darubini humo, unaelekeza zile nyuzi za kulengea kwenye msumari wa ukutani, kisha unaizungusha darubini nzima kama mshikaki juu ya makaa. Nyuzi zikibaki juu ya msumari, fundi aliyeiunda alikuwa na adabu. Zikichora duara kubwa, irudishe kwenye kasha. Kisha shika kifundo cha juu: nenda miguso ishirini juu, kila mguso ukilia tik, kifundo cha pembeni miguso ishirini kulia, rudi ishirini chini, rudi ishirini kushoto. Nyuzi lazima zirejee pale pale zilipoondoka. Darubini isiyojua njia ya kurudi nyumbani usimuuzie mtu.

Jaribio la tatu ndilo la mchezo huu hasa. Bandika ukurasa wa gazeti mbali, hatua hamsini. Lete gurudumu kutoka karibu mpaka maandishi yasafike, soma namba. Kisha lilete kutoka mbali mpaka yasafike, soma namba. Fanya mara kumi. Darubini rahisi itakupa majibu kumi. Ya bei ya katikati iliyo njema itakupa mawili yanayofanana kama ndugu. Ya bei kubwa itakupa moja, pamoja na majivuno.

Wala msiruhusu mteja alewe na ukuzaji. Atauliza, "Inakuza mara ngapi?" na ukimwambia mara hamsini macho yanamtoka. Mpeleke nje mchana. Hewa ya jangwa letu huchemka kama maji ya ugali. Ukikuza mara hamsini, unachokuza ni mchemko. Mara thelathini inatosha watu wengi, na jicho la mzee lishushieni zaidi, kwa sababu kadiri unavyokuza ndivyo kiduara cha mwanga kifikacho jichoni kinavyokuwa chembamba, na mzee hutafuta kiduara hicho kwa kichwa kizima kama kuku anayetafuta punje.

Nacheka, lakini mimi mwenyewe nimeharibu vitu. Palikuwa na daktari wa meno, bwana mpole, alikuja na bunduki ya upepo ya springi. Akauliza kama darubini fulani itaistahimili. Nilikuwa nimeijua kazi miaka miwili, yaani umri ule mtu anapojua kila kitu. Nikamwambia, "Daktari, hii hufungwa kwenye bunduki za kuulia nyati. Itaogopa panya wa bati?"

Wiki mbili baadaye akaiweka mezani, akaitikisa. Ikalia kama kayamba.

"Maalim," akasema, "panya ameshinda."

Bunduki kubwa hurusha nyuma tu, na darubini zake zimejengwa kwa pigo la upande huo. Ya springi hurusha nyuma, kisha springi ikifika mwisho inarusha mbele, na hilo pigo la pili ndilo linalovunja kioo. Basi kabla ya bei, kabla ya rangi, muulize mteja: ya springi au ya mtungi wa hewa?

Hayo ndiyo ya kawaida, Wanjiru, na ungeyapata kwa mwingine. Ninalotaka kukuambia liko mbele, na limenichukua miaka kulitoa.

Palikuwa na mteja tukimwita Bu Khalfan. Mwarabu wa hapa hapa, mtu mzima, lakini mama yake alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, na Kiswahili alichokijua kilikuwa cha jikoni kwa mama yake. Alijua majina ya vyombo vyote, alijua kukaripia na kubembeleza, alijua kusema "mwanangu, chakula kinapoa". Hakujua kusema mkataba wala bima. Alipogundua kwamba mimi ni wa Unguja, alianza kuja dukani bila cha kununua.

"Maalim, leo nimekuja kununua maneno," angesema.

Mke wangu alikwisha kutangulia mbele ya haki, binti yangu yuko Maskati na mumewe. Basi Bu Khalfan akawa ndiye mtu niliyezungumza naye lugha yangu mdomo kwa mdomo, si kwa simu. Ijumaa ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Baada ya sala ya alfajiri gari lake jeupe lingesimama chini ya chumba changu karibu na bandari ya Hamriya, angepiga honi mara moja, na tungekwenda kwenye kiwanja cha klabu huko jangwani. Njiani tulisimama kwenye mkahawa, tukaletewa dirishani chai ya karak, ile ya maziwa na iliki. Kiwanjani yeye alipiga sanamu, mimi nilivuta kamba ya kuzisimamisha tena. Kabla ya sala ya Ijumaa tulikuwa tumerudi mjini. Miaka sita tulifanya hivyo, na sikumbuki kama kuna siku tuliyozungumza jambo kubwa.

Kisha wanawe wakaanza kuogopa. Alikwaruza gari kwenye nguzo, akapitiliza njia ya kutokea barabarani mara mbili. Khalfan, mwanawe mkubwa, akamwambia macho yamekwisha, atoe funguo za gari. Bu Khalfan hakukubali. Wakabishana mwezi mzima, mpaka mzee akasema neno lake mbele ya wote: baada ya Idi kuna mashindano, sanamu arobaini. "Nikiangusha nusu, mniache na gari langu. Nisipoangusha nusu, maneno yenu ni ya kweli, funguo hizo hapo."

Akaja kwangu. "Maalim, darubini yangu imechoka kama mimi. Nichagulie nyingine. Ya bei ya katikati."

"Arbab," nikamtania, "bwana mkubwa kama wewe wa kununua ya katikati? Khalfan atakununulia ile ya juu kabisa."

"Ndiyo sababu. Nikiangusha kwa darubini ya juu, watasema kioo ndicho kilichoona."

Nikamchagulia. Nilizipitisha nne kwenye boksi la tende, nikachukua ile iliyonipa majibu mawili yanayofanana kama ndugu. Nikaifunga kwenye bangili za kuishikia juu ya bunduki, nikainyoosha kwa pima maji. Likabaki gurudumu. Namba zinazotoka kiwandani haziaminiki, lazima uzungushie gurudumu utepe wa karatasi na uchore alama zako mwenyewe, umbali baada ya umbali. Kazi hiyo hufanywa kiwanjani, jangwani, na mwenye bunduki ndiye anayetazama.

Tulikuwa katika Ramadhani, na joto lilikwisha kuingia. Bu Khalfan akasema, "Twende tukachore." Nikamwonea huruma, na nafsi yangu nikaionea huruma zaidi. Nikamwambia, "Wewe pumzika, una saumu. Nitakuchorea mimi."

Ghala letu liko Dubai Investments Park, mnalijua. Njia yake ya katikati ya rafu ina urefu wa mita hamsini na ushei, sakafu sawa kama meza, na kiyoyozi kinavuma usiku na mchana. Nikabandika gazeti mwisho wa njia. Nikachora alama zote kwa asubuhi moja, kwa jicho langu, nimevaa sweta. Zilikuwa alama nzuri. Mwandiko wangu ni wa chuo cha Kurani, unajua, kila namba imekaa kama iliyopigwa chapa. Nilipomkabidhi aliubusu ule utepe.

Siku ya mashindano kiwanja cha kujaribia kilikuwa cha mita ishirini na tano tu, na ilikuwa asubuhi, bado pana ubaridi. Karibu hivyo kosa halijitokezi. Akapiga tatu, zote tunduni. Akanikonyeza. Khalfan alikuwa amesimama nyuma na miwani ya jua, mikono kifuani.

Mpaka saa nne jua lilikuwa limekaa juu ya chuma. Sanamu za karibu alizipata. Za mbali, moja baada ya nyingine, zilibaki zimesimama. Nilimwona akifuta kioo, akifuta jicho, akifuta kioo tena. Kwenye sanamu ya ishirini na saba, sungura wa mbali, alinigeukia akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, asisikike na mtu: "Maalim, yupo pale?"

"Yupo," nikasema.

Akapiga. Sungura akabaki.

Aliangusha kumi na moja. Aliinuka kwenye mto wake kwa shida, akaingiza mkono mfukoni, akamkabidhi mwanawe funguo mbele ya watu. Nikarudi mjini na basi dogo la klabu.

Ilikuwa kazi yangu, klabu ikimaliza mashindano, kuzipaka sanamu rangi upya. Wiki iliyofuata waliniletea. Nikakaa ghalani na brashi, nikamshika yule sungura, na brashi nikaiweka chini.

Jicho bovu hutawanya risasi: moja kulia, moja chini, moja haijulikani. Juu ya bati la sungura palikuwa na madoa mengi ya wapigaji wengi, lakini Bu Khalfan peke yake ndiye aliyetumia risasi zenye kichwa cha mviringo za aina ile, na doa lake nalijua. Lilikuwa juu ya tundu, vidole viwili, sawasawa katikati. Nikachukua kunguru wa mita arobaini: doa juu ya tundu, kidole na nusu, katikati. Nikachukua panya wa thelathini: juu, kidole kimoja kasoro. Nikazipanga sakafuni. Kadiri sanamu ilivyokuwa mbali ndivyo doa lilivyopanda, na hakuna hata moja lililoyumba kulia wala kushoto. Yule mzee alikuwa amepiga kama kijana. Alama ndizo zilizompotosha.

Siku hiyo hiyo nikamwomba mhasibu wa klabu, aliyekuwa akitunza bunduki ya Bu Khalfan kwenye kabati lao, anifungulie. Nikatoka nayo juani, nikaweka gazeti mita arobaini nilizozipima kwa kamba. Nikaisubiri darubini ipate moto. Nikazungusha gurudumu. Gazeti likasafika kwenye alama yangu nzuri iliyoandikwa arobaini na saba. Mzee alikuwa ameamini sanamu ziko mbali kuliko zilivyo, akalenga juu mno.

Kioo na chuma hujitanua kwa joto, vijana wangu. Hata darubini za bei kubwa husogea. Za bei ya katikati husogea zaidi, na hilo si aibu yake, ni tabia yake, unaijua na unaichorea. Nilichora kwenye baridi alama za kutumiwa kwenye moto, na nilizichora kwa jicho lisilo la mwenyewe. Saumu haikunituma niwe mvivu. Nilijituma mwenyewe.

Nilimwendea Khalfan kwanza. Nilijiambia ni adabu, lakini ulikuwa woga. Alinikaribisha kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mwema yule, msimfikirie vingine.

"Ammi," akasema kwa Kiarabu, "nakuomba kitu. Usimwambie."

"Anadhani ni kipofu, mwanangu."

"Anadhani amezeeka, na ni kweli amezeeka. Nguzo aliyoigonga haikuwa na darubini. Tangu siku ile mama analala. Mimi nalala. Wewe ukimwambia, atataka funguo, na siku moja utapigiwa simu, na utajua ni nani aliyemrudisha barabarani."

Nikarudi chumbani kwangu. Ijumaa ikaja, hapakuwa na honi. Ikaja ya pili. Nilikuwa naamka alfajiri, nasali, nakaa karibu na dirisha nimevaa viatu. Nikawa nasema moyoni kwamba Khalfan ana haki, kwamba kunyamaza kunaokoa roho. Maneno yalikuwa mazuri. Lakini nimesoma chuoni miaka tisa, na nikiwa kijana nimesomesha watoto wa watu, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba amana hurejeshwa kwa mwenyewe. Yule mtu aliniamini na jicho lake. Nilikuwa nimelichukua na sikulirudisha. Barabara ni jambo moja, jicho ni jambo jingine, na mimi nilikuwa nayachanganya ili nisionekane mjinga.

Nikapanda teksi. Nilimkuta barazani kwake, televisheni inasema peke yake, ameketi karibu nayo mno, kama mtu anayejifunza kuwa haoni. Nilikuwa nimefunga kunguru, panya na sungura kwenye kanga ya marehemu mke wangu. Nikazipanga miguuni pake.

"Maalim, umeniletea maadui zangu?"

"Pitisha kidole, Bu Khalfan. Juu ya tundu."

Akapitisha. Alikuwa na vidole vya mpigaji. Alielewa kabla sijasema. Nikamwambia yote: ghala, sweta, jicho langu. Nikamwambia pia alichoniomba mwanawe, na kwamba nimekaa nacho wiki mbili. Akampapasa tena yule sungura. Kisha akasema kwa kile Kiswahili cha jikoni:

"Wewe mtoto mbaya. Umeniunguzia chungu changu, kisha ukakaa unanusa moshi."

Akaanza kucheka, na alipokuwa akicheka alifuta macho, na mimi nikatazama televisheni.

Ijumaa iliyofuata Khalfan ndiye aliyetuendesha, uso umekunjamana. Safari hii tulichora kama inavyopaswa, kwenye utepe mpya mweusi. Kwanza Bu Khalfan aliizungusha mwenyewe ile pete ya jichoni, ile iliyo nyuma kabisa ya darubini, mpaka nyuzi zikawa nyeusi kali kwa jicho lake. Tukaweka vigingi kila mita tano. Saa moja asubuhi yeye anazungusha gurudumu, mimi naandika tu: alama nyeupe. Tukasubiri jua. Saa nne akazungusha tena, na nikaandika alama za joto kwa rangi ya kucha, nyekundu, aliyoiiba kwenye meza ya mjukuu wake.

Kisha akaomba sanamu, za mbali peke yake. Khalfan ndiye aliyepewa kamba.

"Yalla, Khalfan, vuta! Umelala? Sungura anakungoja!"

"Nimevuta, baba."

"Vuta tena, nimeshamwangusha!"

Alipiga ishirini. Aliangusha kumi na sita. Kila bati lilipolia na kulala, nilimwona Khalfan akizidi kuinama, mpaka mwisho akavua miwani yake ya jua, akaja akapiga magoti mchangani karibu na ule mto, akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya goti la babake. Ahadi ilikuwa ahadi.

Bu Khalfan alizishika. Akazitikisa kidogo, zikalia. Akaziangalia, nadhani, kwa muda wa mtu kusoma Alhamdu. Kisha akaufungua mkono wa mwanawe, akazirudisha humo, akaufunga.

"Zile mlinichukulia," akasema. "Hizi nimekupa."

Halafu akanigeukia mimi, kwa Kiswahili. "Pole, Maalim. Umepoteza dereva."

Nilimpoteza kweli. Khalfan ana kazi na watoto. Alitupeleka Ijumaa moja kwa mwezi, kisha kila baada ya miezi miwili. Kati yake tulikuwa tunapigiana simu, na simu haina karak. Mimi nikastaafu. Mwaka jana, siku chache kabla ya Rajabu, Bu Khalfan alirudi kwa Mola wake, kitandani mwake, watoto wake wamemzunguka. Namshukuru Mungu kwa hilo, na namshukuru kwamba hakufa akijidhania kipofu. Siku ya tatu ya matanga Khalfan alinishika mkono akanipa kitu kilichofungwa kwenye ile kanga yangu. Ilikuwa ile darubini, na utepe wake wa alama nyeupe na nyekundu.

Iko hapa mezani ninapoandika. Siku za Ijumaa, baada ya alfajiri, huielekeza dirishani, kwenye makreni ya bandari. Sioni kitu. Ile pete ya nyuma bado imekaa kwa jicho lake, na kwa jicho langu kila kitu ni ukungu. Ningeweza kuizungusha. Ni kazi ya nukta moja, nimewafanyia wateja maelfu. Sijaizungusha.

Sasa Wanjiru, mwisho wa ujumbe wako uliandika jingine, ukadhani sitalisoma kwa sababu umeliweka chini: kwamba klabu imekuruhusu kushiriki msimu ujao, bunduki watakuazima, na darubini huna. Ukauliza kama nina yoyote ya zamani.

Ninayo. Ni ya bei ya katikati, husogea mita saba kwenye joto, na nyuzi zake hazijawahi kuyumba. Alama zake hazitakufaa, tutazibandua tuchore nyingine, nje, juani, na atakayetazama ni wewe. Mimi nitaandika tu. Lakini ile pete ya jichoni utaizungusha kwa mkono wako, mimi sitaweza.

Njoo Ijumaa, baada ya alfajiri. Jengo la kijani nyuma ya soko, ghorofa ya pili, mlango wa nne. Kengele haifanyi kazi, gonga. Nitakuwa nimeshavaa viatu.